Jinsi tulivyomtafuta shahidi wa ndoa ya Nakato na fundi Gulamali, Kampala 1972

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa visiwani, na ninyi wa Kampala mnaopita humu kimyakimya.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Lakini juzi niliona kijana mmoja anauliza kama bado kuna mtu hai anayekumbuka Wahindi walivyofukuzwa Uganda. Majibu mengi yalikuwa ya maduka na magari yaliyoachwa. Nikasema ngoja na mimi nitoe langu.

Nitakayoandika niliyaona mwenyewe. Pale nilipokosea nitasema nilikosea, na kosa lenyewe mtaliona mbele. Umri wangu sasa si wa kujipamba.

Halafu, mnaoniita "mkuu" na "kaka" kwenye comments, mimi ni bibi. Nimewaacha miaka yote kwa sababu heshima haikataliwi.

Twende.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na moja, naishi na wazazi wangu Kyebando. Sisi ni Waislamu wa siku nyingi pale Kampala. Wazee wetu walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani wakabaki, ndiyo maana Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya nyumbani, wakati majirani wanakiona ni lugha ya askari.

Kiswahili hicho ndicho kilinipa kazi. Nilikuwa taipisti na mkalimani wa wakili mmoja, nitamwita Wakili Ssebunya. Ofisi yake ilikuwa ghorofani juu ya duka la jumla, sehemu ambayo leo mnaijua kama Kikuubo. Chumba kimoja, meza mbili, taipureta moja ambayo herufi yake ya "r" ilikuwa inaruka juu kidogo kuliko wenzake.

Wakili alikuwa mtu mzima, mpole, anaongea taratibu mpaka unatamani kummalizia sentensi. Usingeweza kumgombeza hata ukitaka.

Kwa wadogo zetu ambao hamkuwepo: serikali ya jeshi ilitangaza kwamba Wahindi wote waondoke ndani ya siku tisini. Waliokuwa na pasipoti za Uingereza walikwenda Uingereza. Lakini kulikuwa na kundi ambalo watu hulisahau. Hao walikuwa wamechukua uraia wa Uganda, wakaambiwa karatasi zao zina dosari, uraia umefutwa. Uganda imewakataa, na kwingine hawana pa kwenda. Hawana nchi kabisa.

Hao walikusanywa kwenye ukumbi wa shule moja karibu na Kamwokya. Shirika moja la misaada kutoka nje lilikuwa linaandika majina yao ili wapelekwe kwenye kambi za muda huko Ulaya mpaka nchi nyingine iwapokee.

Wakili Ssebunya akaweka meza pale ukumbini, bila malipo. Kila asubuhi tunabeba taipureta, mimi nimeshika upande mmoja na yeye upande mwingine, tunaandikia watu viapo vyao. Nani kazaliwa wapi, mtoto ni wa nani, jina limeandikwa vipi kwenye cheti hiki na vipi kwenye kile.

Mnaweza kudhani ni kazi ndogo. Pale ukumbini herufi moja ilikuwa inatenganisha mama na mtoto.

Siku moja akaja mama wa Kiganda mezani, amevaa gomesi la kijani, lile vazi refu la akina mama wa Kiganda, lililoshonwa vizuri kuliko gomesi lolote nililowahi kuliona. Mikono minene, uso wa mtu anayecheka upesi. Akasema anaitwa Aisa Nakato, wa Kyebando kama mimi, na anataka aandikwe kwenye orodha ya wanaoondoka.

Wakili akamwambia kwa heshima, "Nnyabo, wewe ni Muganda. Wewe hakuna aliyekufukuza."

Akajibu, "Mimi hapana. Lakini bwana yangu wamemfukuza. Sasa mimi nitabaki na nani?"

Bwana mwenyewe alikuwa fundi cherehani anaitwa Gulamali. Nakato alimwita Gulamari, kama Waganda wengi walivyoongea. (Wakili aliniamuru niandike kwenye kiapo "Gulamali, ajulikanaye pia kama Gulamari," na kwa ile "r" yangu inayoruka, jina la pili lilionekana kama linacheza ngoma.)

Gulamali alikuwa Muislamu wa Kihindi, mfupi, mwembamba, macho yameanza kumtupa. Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na miwili. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa wakigombana kuanzia asubuhi, chumvi imezidi, dirisha halikufungwa, redio iko juu, na ukiwaangalia unaona wazi kwamba huo ugomvi ndio mazungumzo yao.

Tatizo likawa karatasi. Shirika linamchukua mke ikiwa kuna ushahidi wa ndoa. Wao walifunga nikaha nyumbani, sheikh hakuandika kitu, na sheikh mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Najua mtaniuliza, kwa nini wasifunge tena? Wakili aliliwaza hilo siku ya kwanza. Shirika lilikuwa limekataa ndoa zote zilizofungwa baada ya lile tangazo, kwa sababu watu wengi walianza kuoana ili wapate kusafiri. Ilibidi ndoa iwe ya zamani, na mtu aliyeiona aape mbele ya hakimu au wakili.

Mashahidi wa nikaha walikuwa wawili. Mmoja amekufa. Wa pili alikuwa askari polisi kijana wakati ule, mtu wa kaskazini, anaitwa Ramadhani. Nakato hakujua yuko wapi tena.

Tukaanza kumuulizia. Baada ya wiki hivi, mtu mmoja akaleta kikaratasi ofisini: Ramadhani sasa ni koplo, yupo kituo fulani hapa hapa mjini.

Nilifurahi. Wakili alikuwa ametoka, nikakiweka kikaratasi mezani nimsubiri.

Kabla hajarudi, akapanda ngazi fundi Gulamali. Peke yake.

Alikaa kwenye kiti cha wateja akawa anapapasa ukingo wa meza yangu kama anakagua pindo la nguo. Akauliza kama shahidi amepatikana. Nikamwambia ndiyo, nikamwonyesha. Nilitegemea atafurahi.

Akaniambia, "Mwanangu, nakuomba asipatikane."

Akanieleza polepole. Huko wanakokwenda ni baridi, hakuna matoke, hakuna mtu atakayejua Luganda. Nakato ana kibanja chake, kipande cha ardhi pale Kyebando, urithi wa mama yake, ana dada yake, ana majirani. Yeye mwenyewe ni mzee, macho yanakwisha, hajui ataishi muda gani. Akifa huko, mke wake atabaki peke yake kwenye nchi ya watu. Bora alie mara moja, hapa kwao.

Kisha akasema nisimwambie mtu, hasa Nakato.

Wakuu, mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja. Mzee analia mbele yangu bila kutoa sauti, kwa kumpenda mke wake. Nikakichukua kile kikaratasi nikakitia kwenye droo, chini ya karatasi za kaboni.

Hilo ndilo kosa langu. Nilikaa nacho siku nne. Wakili akiniuliza habari za shahidi, ninasema bado.

Siku ya nne Nakato alikuja ukumbini na kikapu. Ndani kulikuwa na sweta mbili nzito alizonunua mitumba, moja ya bluu na moja kahawia. Akaniambia ile kahawia ni ya Gulamari, amekata mikono kidogo na kuikunja kwa sababu mikono yake ni mifupi, na amemficha kwa sababu atasema rangi mbaya. Akaniambia pia kibanja ameshampa dada yake mbele ya wazee wa ukoo, jambo limekwisha.

Akauliza, "Shahidi yetu bado?"

Nikasema bado. 

Alipoondoka nikaenda moja kwa moja kwa Wakili, nikaitoa habari yote. Nilidhani atanifukuza kazi.

Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Nani alikuja mezani kwetu kuomba msaada?"

Nikasema Nakato.

"Basi yeye ndiye mteja. Mumewe ana huruma, na wewe una huruma. Lakini mmeamua maisha ya mtu mzima wakati hayupo chumbani. Serikali nayo imefanya hivyo hivyo."

Maneno hayo ninayo mpaka leo.

Tukaenda kituoni siku hiyo hiyo. Koplo Ramadhani? Amehamishiwa Jinja, ameondoka juzi.

Juzi! Siku mbili za kwanza nilizokalia droo alikuwa bado yupo pale.

Orodha ya shirika ilikuwa inafungwa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumanne jioni. Wakili alikuwa na foleni ya watu asiyoweza kuiacha. Akaniandalia kiapo chenye nafasi ya sahihi, akaniandikia barua kwa hakimu mmoja wa Jinja aliyesoma naye. Akasema, "Utakwenda kesho na Nakato. Na njiani utamwambia mwenyewe."

Asubuhi tukapanda basi. Vizuizi vya askari vilikuwa vingi barabara ile, kila mtu alijua kwamba unaweza kuteremshwa usipande tena. Lakini nawaambia kweli, niliogopa zaidi mwanamke niliyekaa naye kuliko bunduki.

Nilimwambia kabla ya kuingia msitu wa Mabira. Nilisema yote, kikaratasi, droo, siku nne, na maneno ya mumewe.

Alinyamaza msitu mzima. Mnaoujua Mabira mnajua si mfupi.

Tulipotoka upande wa pili akasema, bila kuniangalia, "Miaka ishirini na mbili Gulamari ananishonea nguo bila kunipima. Anaangalia tu, anakata, na nguo inakaa. Sasa anafikiri na hii pia anajua kipimo yangu."

Kisha akatoa hindi la kuchemsha kwenye kikapu, akalivunja katikati, akanipa nusu. Nikalia. Akaniambia nile, lilikuwa limeanza kupoa.

Tulimpata Koplo Ramadhani kwenye nyumba za polisi, ameketi nje anapiga viatu rangi, mke wake pembeni anabangua karanga. Alimtazama Nakato kwa muda, kisha akasimama. Alimkumbuka. Alikumbuka mpaka kwamba siku ile ya nikaha suruali yake ilichanika pajani na bwana harusi mwenyewe akaishona kwanza ndipo sheikh akaanza.

Lakini nilipomwonyesha kiapo, uso wake ulibadilika.

Akasema siku hizi si siku za kuweka jina. Kuwa askari na kumwapia Muhindi, mkubwa mmoja akisikia, yeye amekwisha, na watoto watarudi kijijini bila baba. Aliyasema bila ubaya wowote. Na hakukosea, wakuu. Watu walikuwa wanapotea kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Nikaanza kukikunja kile kiapo. Nakato naye hakumbembeleza. Alikaa tu kwenye mkeka akaanza kumsaidia yule mke kubangua karanga.

Mke wa koplo alikuwa Mkristo, wa kabila moja na mumewe. Msalaba mdogo shingoni. Alibangua karanga kama kumi hivi. Halafu akamuuliza mumewe kwa Kiswahili, nadhani kusudi na sisi tusikie:

"Na ndoa yetu imeandikwa wapi? Padri alikataa, sheikh alikataa. Iko kwa vichwa ya watu tu. Siku moja wakiniuliza mimi, nani atasema aliona?"

 Koplo aliinuka akaingia ndani. Nikajua tumeshindwa.

Alipotoka alikuwa amevua sare. Amevaa kanzu nyeupe na kofia. Akasema, "Kama polisi siwezi kwenda. Kama Ramadhani nitakwenda."

Mbele ya hakimu alisimama wima kama yuko gwaride. Hakimu akakisoma kiapo neno kwa neno, akamuuliza kama ana hakika, na kama anajua anachokifanya. Koplo akasema, "Mheshimiwa, mimi nilikuwa pale. Sheikh aliuliza, bwana alikubali, bibi alikubali. Nilikula pilau yao. Hiyo si siasa."

Akaweka sahihi. Sahihi ilisomeka.

Kurudi, kizuizini, askari mmoja alikipata kile kiapo kwenye mkoba wangu. Akaniambia nimsomee. Nikasoma kwa Kiswahili, nikaruka jina la mume. Akaona kuna kitu. Akamgeukia Nakato, "Bwana yako nani?"

Nakato akamjibu, "Fundi wa nguo, ssebo. Macho yake imeharibika. Naenda kwake."

Askari akamtazama juu mpaka chini. Sijui aliona nini, labda mama yake. Akanirudishia karatasi akasema tupande.

Alhamisi asubuhi Wakili aliwaita wote wawili mezani ukumbini. Kiapo kiko mbele yao. Fundi aliponiangalia alijua nimesema, akainamisha kichwa.

Nakato akamuuliza kitu kimoja tu. "Uliniuliza lini?"

Gulamali akaanza orodha yake. Baridi. Matoke. Kibanja. Uzee wake. Alikuwa anaongea haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. Akamalizia kwa kusema yeye alitaka tu mke wake abaki mahali anapojulikana.

Nakato akamwacha amalize. Kisha akasema, "Macho yako haioni tena tundu ya sindano. Mimi ndiyo natia uzi. Huko Uraya nani atatia?"

Mzee akatazama vidole vyake.

"Mimi najulikana na wewe," Nakato akasema. "Kyebando wananisalimia tu."

Basi Gulamali akachukua ncha ya mkanda wa gomesi la mkewe, akawa anaipapasa katikati ya vidole, vile vile alivyopapasa meza yangu, mpaka Wakili akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Mimi nilijifanya nabadilisha utepe wa taipureta.

Afisa wa shirika alikipokea kiapo. Ijumaa mchana majina yao yalikuwa kwenye orodha, mstari mmoja baada ya mwingine.

Walipoondoka kwa basi kwenda Entebbe, Gulamali aliniita dirishani. Nilitegemea lawama. Akaniambia, "Nilikubebesha mzigo wangu, mwanangu. Nisamehe." Nikasema hata mimi ninahitaji msamaha. Nakato akamwambia atoke kwenye upepo afunge dirisha, akajibu haoni upepo wowote, na basi likaondoka wakiwa katikati ya hilo.

Mzee alikuwa amevaa ile sweta ya kahawia.

Koplo Ramadhani hakupatwa na lolote kwa sababu yetu, namshukuru Mungu. Wakili yeye baadaye alilazimika kukimbia nchi, akaishi ugenini kama wale aliowasaidia, na mimi nikavuka mpaka kuja Tanzania nilikoolewa na nipo mpaka leo. Hayo ni marefu, si ya leo.

Mwaka uliofuata nilipata barua moja, kwa anuani ya ofisi. Nakato alikuwa hajui kuandika, kambini alimpata mtu wa kumwandikia. Alisema Gulamari anashona mapazia ya kambi nzima. Alisema viazi vya huko ukivimenya na kuvifunga vizuri kwenye kitambaa vinajitahidi kidogo kufanana na matoke. Theluji ni nzuri kwa siku moja, siku ya pili ni usumbufu.

Na mwisho akaandikisha hivi: "Nchi nyingine inataka kutuchukua. Juzi wametuita wakauliza tena kama sisi ni mtu na mke wake. Nikatafuta karatasi yetu kwa mkoba. Kabla sijaiona, Gulamari alikuwa ameshajibu."

Wakuu, mimi nimefanya kazi na watu wenye shida maisha yangu yote baada ya pale, na somo nililobaki nalo ni hili: huruma bila kuuliza ni amri nyingine tu. Ukitaka kumsaidia mtu, hata umpende vipi, mwite akae chumbani kwanza.

Sasa nawaachia nafasi. Kama wazazi au babu zenu walipita kwenye ukumbi kama ule, semeni hapa walichowaambia. Na wanaojua sheria watuambie: mngekuwa Wakili Ssebunya, yule taipisti mngembakiza kazini?